Mwache Mgeni Apotee Angani

Kuna swali ambalo kila mkongwe wa gemu hapa Nairobi amewahi kuulizwa, na karibu sote tumelijibu vibaya. Mtu amenunua Stellaris kwa mara ya kwanza, pengine wakati bei imeshushwa. Anaifungua. Anaona galaksi ya nyota 600, vitufe vimejaa pembeni kama stika kwenye kioo cha matatu, namba zinapanda na kushuka, na hakuna hata moja anayoielewa. Anakupigia simu: msee, naanzia wapi?

Hapo ndipo tunammwagia. Unda meli ya pili ya sayansi haraka. Jeshi achana nalo kwanza. Chakula kikizidi uza, nunua madini. Mila hii chukua mwanzo, ile itasubiri. Kufikia mwaka wa 2230 uwe umefika kiwango fulani, la sivyo futa uanze upya. Kisha tunamtumia video ya saa nzima na ushee ya kijana wa ng'ambo anayeongea kama dalali kwenye mnada, na tunalala tukiwa tumeridhika kwamba tumefanya wema.

Mimi nasema tumemwibia. Na nasema hivyo nikiwa mmoja wa wezi.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: Stellaris ni gemu ya mikakati ya angani iliyotolewa Mei 2016 na Paradox, kampuni ya Stockholm. Unaongoza himaya. Saa inaanza tarehe mosi Januari, mwaka wa 2200, na una sayari moja, chombo kimoja cha sayansi, kimoja cha ujenzi, na vijimanowari vitatu ambavyo hata havimtishi mtu. Ulimwengu mwingine wote ni giza. Hujui jirani yako ni nani, ana miguu mingapi, anakutakia mema au anakuona chakula. Chombo chako cha sayansi kinatoka, kinaingia kwenye mfumo wa nyota ambao hakuna wa kwenu aliyewahi kuukanyaga, kinaanza kupima. Mara unaletewa taarifa kwamba kuna kitu cha ajabu kwenye mwezi wa sayari ya nne. Uchunguze au uache?

Hizi taarifa ni hadithi. Fupi, nyingine za kuchekesha, nyingine zinakufanya uangalie nyuma ukiwa peke yako kwenye keja. Kuna moja ndefu inayoanza na ishara kutoka kwenye shimo jeusi. Iliandikwa na Alexis Kennedy, na sitakuambia inaelekea wapi. Video ya dalali itakuambia. Itakuambia pia ubonyeze jibu la ngapi ili upate zawadi kubwa zaidi, kabla hata hujasoma swali.

Sasa, saa hizo chache za mwanzo, wakati hujui lolote, huzipati tena. Ukishacheza mara tano unajua. Galaksi inapangwa upya kila mara, ndiyo, lakini wewe hupangwi upya. Unakuwa kama karani: madini yametosha, nishati imepungua, aloi ziko wapi. Kazi ya karani nayo ina raha yake, siikatai, nimekesha nikiifanya mpaka adhana ya alfajiri. Lakini ile hofu tamu ya kufungua mlango wa giza ni ya mgeni peke yake, na sisi tunaichukua mkononi mwake tukimpa orodha.

Nafikiri najua tulikojifunzia tabia hii. Sisi ni watoto wa mtihani. Tulikua tukiamini kwamba kila swali tayari lina jibu mahali fulani kwenye kabati la mtu mkubwa kuliko wewe, na kazi yako si kufikiri bali kulikisia. Tuisheni alfajiri, tuisheni jioni, insha za kukariri zenye mwanzo uleule, jua likiangaza vilevile na ndege wakiimba vilevile. Tukapata hadi jina la karatasi ya kuibia mtihani: mwakenya. Wengi hawakumbuki tena kwamba hilo lilikuwa jina la vuguvugu la chini kwa chini la miaka ya themanini, watu walioteswa kwa kuuliza maswali ambayo serikali haikutaka yaulizwe. Likaishia kuwa jina la majibu yaliyofichwa kwenye soksi. Sijui lugha nyingine iliyomcheka mtu hivyo.

Mwongozo wa gemu ni mwakenya. Ndiyo, hakuna msimamizi, hakuna anayekufukuza chumbani. Lakini tabia ni ileile.

Dadangu mdogo alimaliza KCSE mwaka juzi, akaja kukaa kwangu Umoja akisubiri matokeo. Mchana nilikuwa kazini, yeye yuko na laptopu yangu ya mtumba inayopiga kelele kama blenda. Siku ya tatu akaniuliza hii gemu ya nyota inachezwa vipi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikavuta stuli, nikakaa nyuma yake, na kwa jioni nne mfululizo nikamharibia.

Hakuwa akifanya makosa. Nilihakikisha. Kila alipotaka kubonyeza kitu, kidole changu kilikuwa tayari kwenye kioo. Alichagua viumbe kama ndege, wenye shingo ndefu, kwa sababu walimpendeza. Nikamwambia sifa alizowapa ni hasara, tukarudi nyuma tukazibadilisha. Alitaka kuipa sayari yao jina la kijiji cha nyanya yetu. Hilo nilimruhusu, maana majina hayana namba. Alitaka kukipeleka chombo cha sayansi upande wa nyota nyekundu kwa kuwa ilikuwa nzuri. Nikamwambia huko hakuna kitu, peleka huku, njia hii inabana, ukijenga kituo hapa umemfungia jirani nje.

Jioni ya nne tukalikuta Jua.

Gemu hii hufanya hivyo wakati mwingine. Ukicheza kama viumbe wengine, unaweza kukutana na mfumo wetu wenyewe umekaa tu pale katikati ya galaksi, na Dunia ndani yake. Katika mchezo ule Dunia ilikuwa na watu, enzi ya mashine, hawajui hata kwamba kuna mtu juu. Akasimamisha saa. Akaisogeza picha karibu kabisa, mpaka mabara yakaonekana.

"Bro," akasema, "hawa si ni sisi?"

Nikasema ndiyo. Nikasema jenga kituo hapo upesi, aloi 100 unazo na ushawishi unatosha, mfumo utakuwa wako. Halafu ukibadilisha sera utashusha majeshi. Hawana cha kujikinga. Ni watu wa kufanya kazi wa bure.

Alinyamaza kidogo. "Na wao watajua lini kwamba wana mwenyewe?"

Nikamjibu, na jibu hili nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu linanichoma: "Hawatajua. Endelea."

Alijenga kituo. Alishusha majeshi. Namba zikapanda kama nilivyomwahidi. Kesho yake nilirudi nikakuta anatazama vichekesho kwenye simu, na keshokutwa vilevile. Wiki ilipoisha nikamuuliza mbona hachezi. Akaniambia, bila hasira yoyote, "Si hiyo ni yako? Mimi nilikuwa nakubonyezea tu."

Nimelizungusha swali lake kichwani tangu siku hiyo. Aina hii ya gemu ina jina, Foraeksi, X nne, na jina hilo lilitungwa mwaka 1993 na Mmarekani Alan Emrich alipokuwa akiandika kuhusu Master of Orion katika jarida la Computer Gaming World. X nne ni vitenzi vinne: kuchunguza, kupanuka, kunyonya, kuangamiza. Yanavyofuatana ndivyo orodha ya mgeni inavyofuatana. Na mtu aliyelelewa hapa anaweza kuisoma kama ratiba ya historia yake mwenyewe. Mwaka 1888 malkia wa Uingereza alitia muhuri hati, akaipa kampuni moja ya biashara, Imperial British East Africa Company, mamlaka juu ya nchi ambayo wenyewe walikuwa wakilima, wakichunga na kuozesha mabinti zao bila habari. Mwaka 1895 kampuni ikashindwa na hesabu, serikali yao ikachukua. Hati kwanza, majeshi baadaye. Kituo kwanza.

Usinielewe vibaya, sisemi gemu ni ya wakoloni tuitupe. Hilo ni jibu jepesi, na si kweli pia. Wale Waswidi waliacha swali la dadangu wazi kabisa. Ukikuta watu ambao bado hawajaweza kuruka nje ya sayari yao, unaweza kuwapita. Unaweza kujenga kituo cha uangalizi na kuwatazama kimya kimya vizazi na vizazi. Unaweza kuwateka mmoja mmoja ukawapasue kujua walivyoumbwa. Unaweza kuwafundisha mpaka wafike nyotani wenyewe, ukajipatia jirani, pengine rafiki, pengine adui. Unaweza kuwapenyeza majasusi. Unaweza kuwavamia. Sera za himaya yako ndizo zinazosema lipi limeruhusiwa, na sera unaziandika wewe. Mtu yuko mbele ya kioo, saa imesimama, anaulizwa yeye ni mtawala wa namna gani. Hakuna mwalimu wa GHC aliyewahi kuniuliza hivyo.

Mwongozo ndio ulioligeuza swali kuwa hesabu. Kati ya hayo yote, lipi lina faida zaidi kwa mwezi? Basi fanya hilo. Ni mimi niliyemtia dadangu maneno ya kampuni mdomoni, si gemu.

Najua mtakavyonijibu, maana nimejibiwa tayari. Jamaa yangu mmoja anafanya kazi ya zamu, anafika Pipeline saa tatu usiku, tokeni za stima zimebaki kidogo, ana saa mbili zake za siku nzima. Aliniambia: bro, wewe una muda wa kupotea, mimi sina. Mchezo mmoja mpaka mwaka wa 2500 unaweza kumeza saa 20 na zaidi. Anaweza kukaa mwezi mzima akicheza himaya ambayo ilishakufa zamani, ila yeye hajui.

Hilo ni zito, na sitalipuuza. Lakini nilimuuliza ni nani aliyemwambia lazima afike 2500. Mimi nimezianza nyingi sana kuliko nilizomaliza. Zile ninazozikumbuka ni zile nilizopigwa: ile niliyojipanua haraka mpaka nishati ikaisha na kila kitu kikaanza kwenda mrama, ile niliyomtukana jirani mzee mwenye mifumo michache, nikidhani ni mnyonge, kumbe ni moja ya zile himaya kongwe zilizochoka ambazo hupaswi kuziamsha. Zile nilizoshinda kwa kufuata video zimechanganyikana zote, siwezi kukuambia hata moja ilihusu nini. Kama una saa mbili tu kwa siku, mbona uzitumie kuwa mkono wa mtu mwingine? Hiyo kazi si umetoka kuifanya, na huko wanakulipa?

Mwingine atasema gemu hii inajieleza vibaya, mgeni akiachwa ataikimbia. Hapo nakubali, nusu. Kuna roboti mdogo wa kukuelekeza mwanzoni na hasaidii vya kutosha. Ila kumweleza mtu chombo kinavyofanya kazi ni kitu kimoja, kumwambia aende wapi ni kingine. Mwalimu wa udereva anakuonyesha klachi na breki. Hakai pembeni akaamua kwamba lazima twende Thika.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza, mwonyeshe klachi. Kile kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi kinasimamisha saa, na ukiwa umesimamisha bado unaweza kusoma na kutoa amri zote unazotaka, hakuna anayekukimbiza. Ukiweka mshale juu ya namba yoyote utaambiwa inatoka wapi na inaliwa na nini. Namba ikiwa nyekundu mwezi mmoja si kilio, kilio ni ghala likifika sifuri. Aloi ndizo zinazojenga vituo na meli. Ushawishi huuzwi sokoni, unaingia polepole, na ndio unaokuzuia usimeze galaksi kwa pupa. Chagua galaksi ndogo, ya nyota 200 au 400, na kiwango rahisi kabisa cha ugumu, wala usione aibu. Kama hujui uwe nani, kuna himaya zilizokwisha kutengenezwa, na mojawapo ni ya binadamu wa Dunia chini ya Umoja wa Mataifa.

Halafu nyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na wanaume ndio inawashinda zaidi. Nimeona jamaa akimwelekeza mpenzi wake namna ya kushika kipanya.

Na kuhusu nyongeza za kulipia: ziko zaidi ya ishirini, na kuna wakongwe wanaomwambia mgeni kwamba bila hizi na hizi gemu haijakamilika. Uongo. Gemu ya msingi ina giza la kutosha. Usimfanye mtu anayehesabu bando za intaneti atumie hela ya rent ili apate aina nyingine ya meli ya kulipua sayari, kabla hata hajajua kama anapenda sayari.

Kitu kingine ambacho mabingwa wa miongozo hawakisemi: mwakenya wao unaoza. Februari 2018 gemu ilifutiwa njia zake za awali za kusafiri, zote zikawa moja, na kila mkakati wa vita ukawa karatasi ya kufungia mandazi. Desemba mwaka huohuo uchumi wa sayari ukabomolewa ukajengwa upya. Mei 2025 ukajengwa upya tena. Aliyekariri alirudi darasa la kwanza kila mara, akilalamika kwamba wameharibu. Aliyewahi kupotea na kujitafutia njia alisimamisha saa, akaweka mshale juu ya namba mpya, akasoma.

Dadangu alirudi kwenye nyota zake mwenyewe, miezi baadaye, bila kuniambia. Nilijua kwa sababu ya ile kelele ya blenda saa sita usiku. Alikuwa amewarudia ndege wake wa shingo ndefu wenye sifa zile za hasara, mji mkuu una jina la kijiji cha nyanya, na mipaka yake imekaa kama shati lililotafunwa na mbuzi. Vituo vyake vingi viko upande wa nyota nyekundu. Kule kwenye njia inayobana, ambako mimi ningejenga kitambo, hakuwa na chochote, na jirani mmoja mwenye tabia mbaya alikuwa ameshapita akachukua mifumo minne.

Safari hii hakulikuta Jua. Alikuta watu wengine, wadogo, wenye magamba, wa enzi ya chuma, kwenye sayari yenye bahari moja tu. Alikuwa amewajengea kituo cha uangalizi na amekaa miaka sitini akiwatazama. Nikamuuliza amepata nini kutoka kwao.

"Kuna mahali wamejenga ukuta," akasema.

Manowari za jirani zilikuwa zimebakiza mifumo miwili kuwafikia. Niliona hesabu mara moja: zake hazingetosha, ila kama angeuza madini yale yote usiku huo na kununua aloi, huenda angeunda nyingine tano kwa wakati. Nikafungua mdomo. Akageuza shingo akaniangalia.

Nikaenda jikoni kubandika chai.